Waigbo hawana wafalme? Jibu kuhusu Onitsha, Obi wake na sikukuu ya Ofala

Swali: Shikamoo mwalimu. Dada yangu ameposwa na kijana wa Kiigbo, mwenyeji wa mji wa Onitsha huko Nigeria. Wakwe wametualika Oktoba tukashuhudie Ofala, wanayosema ni sikukuu ya mfalme wao. Mjomba wangu, aliyekuwa akifuatilia redioni enzi za ujana wake vita vya Biafra, mashariki mwa Nigeria ilipotaka kujitenga, anasema Waigbo hawajawahi kuwa na wafalme, na kwamba anayeitwa mfalme huko ni wa kuundwa na Mwingereza. Shemeji mtarajiwa naye anasema mfalme wao wa sasa ni wa 21. Tumwamini nani? Na tukienda, tutaona nini, na tujiweke vipi tusije tukawaaibisha wenyeji wetu? Msomaji, Morogoro.

Jibu: Marahaba, na hongereni kwa posa. Mjomba wako na shemeji yako wote wana hoja, ila kila mmoja anasemea upande wake wa nchi ya Waigbo. Nianze na mjomba, maana ni mkubwa.

Waigbo wenyewe wana msemo, Igbo enwe eze, kwamba Waigbo hawana mfalme. Kwa sehemu kubwa ya kusini-mashariki mwa Nigeria hali ilikuwa hivyo kweli. Kijiji kiliongozwa na wazee wa koo, wanaume waliochukua cheo cha ozo, marika, na vyama vya wanawake. Jambo lilijadiliwa uwanjani mpaka watu wakafika pamoja. Waingereza walipokuja walitaka mtu mmoja wa kumpa amri, wakawapa watu waliowachagua wao hati za uchifu. Wengi wa machifu hao hawakuwa na heshima yoyote kwao, na baadhi wakajitajirisha kwa faini na kazi za lazima. Novemba 1929 maelfu ya wanawake, kuanzia maeneo ya Aba na Owerri, waliinuka dhidi ya machifu hao na dhidi ya kodi waliyohofia kutozwa. Askari wakafyatua risasi na wanawake wasiopungua 50 wakauawa. Tena baada ya mageuzi ya serikali za mitaa ya mwaka 1976, serikali za majimbo zikataka kila mji uwe na mtawala wa jadi anayetambulika, na hapo ma-Igwe, yaani watawala hao, wakachomoza hata katika miji ambayo mababu zake hawakumjua mtu wa namna hiyo. Mjomba akisema "wa kuundwa", hao ndio anaowasema, na hajakosea.

Ila Onitsha haimo katika hesabu hiyo. Kandokando ya Mto Niger, na katika sehemu chache za bara, palikuwa na wafalme kabla Mwingereza hajajua mto huo unamwaga maji yake wapi. Nri, upande wa mashariki wa Onitsha, ilikuwa na Eze Nri, mfalme wa ibada asiye na jeshi, ambaye watu wake walizunguka nchi wakitakasa ardhi iliyochafuliwa na dhambi na kuwapa watu vyeo. Na pale Igbo-Ukwu, mwaka 1938, mtu aliyekuwa akichimba shimo la maji nyumbani kwake alikuta vyombo vya shaba vya ufundi wa hali ya juu. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofanya kazi hapo kuanzia 1959 walifukua pia kaburi la mkubwa mmoja aliyezikwa ameketi, akiwa na maelfu ya shanga. Vitu hivyo vinakadiriwa kuwa vya karne ya 9 au 10. Kwa hiyo hata huo msemo wa Igbo enwe eze usichukuliwe kama sheria ya nchi nzima.

Sasa tuingie Onitsha kwenyewe. Mji uko ukingo wa mashariki wa Niger, katika jimbo la Anambra. Wenyeji wanajiita watu wa Onicha Ado n'Idu, na kwa jina hilo wanaielekeza asili yao Benin, ule ufalme mkubwa wa kale wa magharibi mwa mto, si nchi ya leo yenye jina hilo. Simulizi yao inasema babu yao Eze Chima aligombana na nyumba ya kifalme ya Benin, wengi wakiliweka tukio hilo karne ya 16, akaondoka na watu wake kuelekea mashariki. Njiani baadhi walibaki na kuanzisha miji: Onicha-Ugbo, Onicha-Olona, Issele-Uku, Obior na mingine ambayo mpaka leo inajiita wana wa Eze Chima. Eze Chima mwenyewe hakuufikia mto. Walioendelea na safari walipofika ukingoni walikuwa bado hawajaamua nani awe mfalme, na simulizi maarufu inasema walikubaliana hivi: atakayetangulia kuvuka na kuipiga ufie, ngoma ya gogo ya kifalme, ndiye. Oreze ndiye aliyesikika kwanza. Upande wa pili waliwakuta watu walioitwa Oze, wakawaondoa, wakakaa.

Je, yote haya yalitokea kama yanavyosimuliwa? Wanahistoria wanabishana. Wengine wanaona kwamba "kutoka Benin" ni namna ya miji ya mtoni kujihusisha na dola iliyokuwa na fahari wakati huo. Tena koo kadhaa za Onitsha hazidai Benin kabisa: nyingine asili yao ni kwa Waigala wa kaskazini, nyingine ni Waigbo wa hapo hapo karibu. Maoni yangu ni kwamba Benin imo, hata kama si kwa damu ya kila mtu. Ushanga wa marijani umo, na cheo cha mkuu wa machifu, Iyasele, ni kilekile cha Iyase wa Benin. Muhimu kwenu ni kujua kwamba mji huu ulijengwa na watu wa asili mbalimbali waliokubali kukaa chini ya Obi, yaani mfalme, mmoja. Wanajihesabu kwa ebo tisa, yaani mitaa ya koo, na mtu wa Onitsha atakwambia ebo yake kabla hujamuuliza.

Huyo Obi anatawala namna gani? Hapa ndipo ningependa mjomba wako asome polepole, maana hiki anachokiita "Waigbo kutokuwa na mfalme" kimo ndani ya ufalme wenyewe.

Obi hutoka katika koo za kifalme, wana wa Chima, ambazo zimegawanyika pande mbili kubwa, Umuezearoli na Okebunabo. Hakuna mtoto wa kwanza anayerithi moja kwa moja. Kiti kikiwa wazi, kila upande huleta madai yake na mji mzima huingia katika mabishano ambayo huchukua miezi au miaka. Obi Samuel Okosi alipofariki 1931 mji ulikaa mpaka 1935 ndipo akapatikana James Okosi wa pili. Huyo naye alipofariki 1961 ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba serikali ya Kanda ya Mashariki iliunda tume ya uchunguzi, na hatimaye Joseph Onyejekwe akatambuliwa. Baada yake akaja Ofala Okagbue, aliyetawala tangu 1970 hadi 2001, na mwaka 2002 akavikwa taji Nnaemeka Alfred Achebe, huyu wa 21 anayesemwa na shemeji yako. Ni mtu aliyesoma kemia Marekani na kufanya kazi miaka mingi katika kampuni ya mafuta kabla ya kuitwa nyumbani. Jina lake la heshima ni Agbogidi, mtalisikia likiimbwa.

Chini yake wapo Ndichie, machifu wa kofia nyekundu, katika ngazi tatu: Ndichie Ume, Okwa, na Okwareze. Mkuu wao ni Onowu, yule Iyasele niliyemtaja, na kwa vitendo ni waziri mkuu wa jadi. Obi ndiye anayewapa vyeo, lakini hawi bwana juu yao kama mkuu wa ofisi anavyokuwa juu ya makarani. Chifu wa Ume ana watu wake nyuma, ana ngoma zake, ana salamu zake, na barazani anasema. Pembeni yao wako Agbalanze, umoja wa waliochukua ozo. Ozo haiji kwa kuzaliwa. Mtu huichukua kwa mali yake na kwa mwenendo wake, baada ya ibada ndefu kwa mababu, na akishaichukua anatarajiwa aseme kweli daima. Halafu kuna rika linaloshika zamu ya kuendesha shughuli za mji. Amri ya Obi isiyokubaliwa na hawa wote haiendi popote.

Na wanawake. Zamani Onitsha ilikuwa na Omu, mama wa mji. Hakuwa mke wa mfalme wala dada yake. Alikuwa na baraza lake la wanawake wenye vyeo, alivaa alama za utawala kama za mfalme, na soko lilikuwa lake: yeye na baraza lake walisimamia bei, walitoza faini, walimaliza magomvi. Ikumbukwe kwamba Onitsha ni mji wa soko tangu mwanzo, hivyo aliyeshika soko alishika nusu ya mji. Omu wa mwisho, Nwagboka, alikuwepo katika miaka ya 1880. Alipofariki hakuna aliyewekwa badala yake mpaka leo. Wamisheni na makampuni ya biashara walikuwa wakizungumza na wanaume tu, na serikali ya kikoloni iliyofuata haikuwa na nafasi ya mtawala mwanamke katika vitabu vyake. Nasikitika sana kila ninapolifundisha jambo hili, maana ng'ambo ya mto, Asaba na Okpanam, ma-Omu bado wapo na wanaheshimiwa. Onitsha ilipoteza kitu ambacho jirani zake walikihifadhi.

Wamisheni walifika 1857, wakati wa Obi Akazua, aliyewapa ardhi. Msafara uliongozwa na Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyewahi kuuzwa utumwani akakombolewa, na aliyebaki kuendesha kituo cha Onitsha alikuwa John Christopher Taylor, aliyezaliwa Sierra Leone na wazazi wa Kiigbo waliookolewa kutoka utumwani. Kwa hiyo Ukristo uliingia nchi ya Waigbo kwa mikono ya Waafrika, na ulianzia mji huu. Wakatoliki walifuata 1885. Biashara ya mawese ilikuja sambamba na dini, na ilikuja na bunduki: mwaka 1879, baada ya mgogoro na wafanyabiashara, manowari ya Kiingereza iliupiga mji mizinga. Ni vizuri mjomba alijue hilo. Mfalme aliyeundwa na Mwingereza asingepigwa mizinga na Mwingereza.

Sasa Ofala. Wageni wa karne ya 19 waliandika kwamba Obi hakuruhusiwa kutoka nje ya boma lake siku za kawaida. Alikuwa mtu wa ibada, aliyekaa kati ya walio hai na mababu, na kuonekana kwake ovyo kulikuwa mwiko. Siku moja kwa mwaka, viazi vikuu vipya vikishavunwa na sadaka yake kutolewa, alitoka akacheza mbele ya watu. Basi watu walikwenda kumtazama: yu mzima? Miguu ina nguvu? Macho yanaona? Obi wa leo anasafiri, anahudhuria mikutano, amekuwa hata mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello huko kaskazini. Lakini kiini cha sikukuu hakijabadilika. Mfalme anatoka ili akaguliwe na mji wake. Mimi naiona Ofala kuwa mkutano wa hadhara zaidi ya kuwa tamasha, ingawa wageni wengi huenda kwa ajili ya tamasha.

Kabla ya siku yenyewe Obi huingia faragha kwa siku kadhaa, kufunga, kuomba na kuwakumbuka mababu. Hapokei wageni. Anapomaliza, mizinga hulia na ngoma ya ufie husikika kutoka ikulu, Ime Obi, na mji hujua. Siku ya kwanza huitwa Iru Ofala na ya pili Azu Ofala. Kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikifanyika Oktoba.

Iru Ofala ndiyo ya kutokosa. Asubuhi hadi mchana uwanja unajaa. Ndichie wanaingia mmoja mmoja, kila chifu na kundi lake, wa ngazi ya chini kwanza na wakubwa baadaye, wakiwa na mapepeo na manyoya katika vichwa vyao. Wanaume wa ozo wamevaa nyeupe na kofia nyekundu, na utawasikia wakipuliza pembe za ndovu. Nakuomba uwatazame kwa makini wanawake wa Otu Odu. Hao ni wanawake waliochukua cheo cha pembe. Wamevaa nyeupe tupu, marijani shingoni, na miguuni na mikononi wana vikuku vya pembe za ndovu, vya miguuni vikiwa vipana na vizito kiasi kwamba vinaongoza mwendo wenyewe. Mwanamke wa Otu Odu hatembei haraka hata kama mvua inakuja. Anaweka mguu, anatulia, anaweka mwingine, na watu wanampisha. Tangu kiti cha Omu kibaki kitupu, hawa ndio sura ya heshima ya wanawake wa Onitsha mbele ya mji.

Obi hutoka mara tatu. Kila anapotoka mizinga inalia na watu wanapaza sauti, "Igweee!" Anazunguka uwanja na kusalimia, kisha anarudi ndani. Mara ya mwisho anatoka na mavazi kamili na taji kubwa lenye manyoya, anacheza kwa hatua za taratibu kwa muziki wa egwu ota, na machifu wanakuja mbele yake kwa ngazi zao kutoa heshima. Anapopita mbele yao utaona watu wazima, mawakili na madaktari waliopanda ndege kutoka Lagos na London, wanasimama kama watoto. Azu Ofala ni ya kustarehe zaidi: ngoma, marika, koo na wageni kumpongeza mfalme.

Vinyago vikubwa mnavyoona kwenye video, hasa Ijele, chenye urefu wa kama mita 4, ni vya eneo zima la Anambra na si vya Ofala peke yake. Ijele iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009, na maandalizi yake huweza kuwashughulisha watu mia kwa miezi sita. Mkibahatika kukiona popote, simameni mbali kidogo, na msijaribu kuchungulia aliye ndani. Kwa wenyeji anayecheza pale ni mzimu.

Kuhusu Biafra ya mjomba: hapo kuna kiungo halisi kati yetu na mji huo. Onitsha iliumizwa vibaya na vita. Daraja la Niger, lililokuwa limekamilika 1965 tu, lilivunjwa, soko kuu likaangamia, na majeshi ya serikali kuu yakauteka mji Machi 1968. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, alikuwa mmoja wa waliozunguka Afrika kuiombea Biafra kutambuliwa. Huyo alikuwa mtu wa Onitsha, baadaye akapewa cheo cha Owelle, mmoja wa Ndichie Ume, na amezikwa huko huko. Vita vilikwisha Januari 1970, na mwaka huohuo mji ukaweka Obi mwingine, soko likiwa bado magofu. Wazee wa Onitsha wakisikia mmetoka Tanzania, msishangae wakiwashika mikono kwa muda mrefu. Mjomba wako angefaa sana kuwa kiongozi wa msafara wenu.

Namna ya kujiweka si ngumu kwa watu waliolelewa vizuri. Mkikaribishwa nyumba yoyote mtaletewa kola, ile mbegu ya kutafuna. Msiikatae, na msiimege wenyewe: mwenyeji au mzee wa kiume ataiombea, kwa Kiigbo, kisha itamegwa na kugawiwa. Ni chungu, tafuneni kidogo tu, inatosha. Msitoe wala kupokea kitu kwa mkono wa kushoto. Kofia nyekundu msinunue ya kuvaa kwa urembo, na manyoya kichwani ndiyo kabisa, hayo ni ya wenye vyeo. Mbele ya Obi msinyooshe mkono kutaka kumshika. Inameni, semeni "Igwe", ngojeni muelekezwe. Kitenge na kanga zenu zitapendeza, na hakuna atakayewataka muige mavazi yao. Zawadi kwa wakwe na zawadi kwa ikulu ni mambo mawili, hivyo shemeji aulizwe ya ikulu inapitia kwa nani, maana mgeni haipeleki mwenyewe mlangoni.

La mwisho, na lifanyeni wiki hii hii: mwulizeni shemeji ebo yao ni ipi na chifu wao wa Ndichie ni nani. Umati wa Iru Ofala ni mkubwa mno kwa mgeni kujitafutia mahali, na mkiwa mmepangwa pamoja na watu wa chifu huyo mtakuwa na pa kukaa, pamoja na mtu wa kuwaeleza kila mara mizinga inapolia ni nani anaingia.